Safu ya Kushoto

Ko, ko. Kisha kimya kidogo. Kisha ko.

Hiyo ndiyo sauti ya utotoni ambayo Shangazi aliweza kuisikia tena wakati wowote akitaka: kifundo cha kidole cha baba yake kwenye ubao wa mlango, kila asubuhi, jua likiwa bado halijakaza. Amka. Ndivyo alivyoifasiri miaka yote. Wenzake waliamshwa kwa majina yao, wengine kwa nyimbo, wengine kwa kuvutwa shuka. Yeye alibishiwa hodi kama ofisi ya mtu.

Kwa hiyo siku walipoambiwa darasani waandike ukurasa mmoja juu ya mtu aliyewalea, hakuhangaika. Aliandika mistari miwili: "Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Nililelewa na mtu asiyesema." Akafunga daftari, akaenda zake kunywa chai.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale chuoni. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa makuzi ya mtoto na masomo ya familia, katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Siku ya kwanza alipoingia ukumbini na mkoba wake wa ngozi kwapani, darasa zima lilisimama likidhani mhadhiri amefika. Tangu hapo jina likamganda. Aliyempachika ni binti mmoja ambaye naye alipachikwa jina la Chaji, maana kila chumba alichoingia alitafuta kwanza soketi ya simu yake, ndipo atafute kiti.

"Shangazi, hivi wewe unasoma nini tena?" Chaji alimuuliza siku moja. "Umelea watoto wa watu kwenye kituo cha malezi miaka kumi na mbili. Sisi wenzio hata nepi hatujui inaanzia mbele au nyuma."

"Nepi naijua, mwanangu. Nimekuja kusomea kilicho juu ya nepi."

Chaji alicheka hadi akachomoa chaja kwa bahati mbaya.

Lakini jibu lile halikuwa mzaha mtupu. Shangazi alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu na ushee, mzaliwa wa mwisho, aliyekuja wakati kaka zake wameshahama nyumbani. Mtaani walimwita Njugu, kwa sababu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alijitia njugu puani na daktari akaitoa kwa kibanio huku yeye akimtazama kwa hamaki, kama mtu anayeporwa mali yake. Njugu alikuwa na afya, macho makali na kicheko cha haraka. Asichokuwa nacho ni maneno. Alikuwa na matano tu: mama, babu, maji, hapana, na "ile". Zahanati walimpima masikio, wakayakuta mazima. "Mzungumzisheni," muuguzi akasema.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Baba yake Njugu aliendesha lori la masafa, nyumbani akionekana wiki moja kwa mwezi. Shangazi alishinda chuoni. Aliyekaa na mtoto kutwa nzima ni babu yake, yule yule mtu asiyesema.

Babu alikuwa fundi viatu. Chumba cha mbele cha nyumba, kile chenye mlango mpana unaotazama barabara, kilikuwa karakana yake tangu Shangazi hajazaliwa. Kulikuwa na meza fupi iliyokatwakatwa na visu, chuma cha kupigilia viatu, makopo ya gundi, mabunda ya uzi uliopakwa nta, na ukutani, zimepangwa kwa ukubwa, kalibu za mbao mfano wa nyayo za watu, kuanzia za wanaume wa miraba minne hadi jozi moja ndogo isiyozidi kiganja. Wateja walimpenda kwa sababu alifanya kazi safi na hakuuliza maswali. "Ukimpa fundi kiatu na siri, kiatu kitarudi, siri haitarudi," walisema wakicheka. Yeye aliinua nyusi tu.

Darasani Shangazi alikuwa anafundishwa kwamba mtoto hujengwa kwa mazungumzo, kwamba neno la mkubwa ni kama mpira: unaurusha, mtoto anaurudisha, unaurusha tena. Kila mhadhara wa namna hiyo ulimchoma. Akaona picha ya Njugu chini ya ile meza, kutwa nzima, bila mpira.

Mwezi ule, pasipo kumwambia baba yake, akachukua fomu ya shule ya chekechea. Siku nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia muhula ujao. Akaijaza yote, akabakiza sahihi, akaikunja na kuitia katikati ya daftari lake. Kilichomshinda si sahihi. Kilichomshinda ni kumtazama mzee usoni na kumwambia: nakunyang'anya mtoto kwa sababu unamnyamazia kama ulivyoninyamazia mimi.

Ndipo kazi ya chuo ikamletea njia, au ndivyo alivyodhani.

Kila mwanafunzi alitakiwa kumtazama mtoto mmoja na mlezi wake nyumbani kwao, mara sita, dakika arobaini kila mara. Mtazamaji haongei, hagusi, hasaidii. Anakaa kama samani. Daftari lina safu mbili: kushoto anaandika alichokiona, kulia anaandika alichofikiri, na safu ya kulia hubaki tupu mpaka ziara ya sita imalizike. Familia aliyopangiwa Shangazi ilihama mji baada ya wiki mbili. Muda ulikuwa umekwisha kuyoyoma. Akaenda ofisini kwa mhadhiri, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akaomba atazame nyumbani kwake mwenyewe.

"Huwa hatukubali," mhadhiri alisema. "Mtu wako umemzoea. Utaandika unachokijua badala ya unachokiona."

"Sina familia nyingine, mwalimu. Nikikosa hii, narudia mwaka."

Mhadhiri alirekebisha miwani yake. "Basi nenda. Lakini kila wiki naliona daftari. Na safu ya kulia uiache tupu kama sahani ya aliyefunga saumu."

Kumwomba baba ilikuwa rahisi kuliko alivyotegemea. "Baba, chuo kimenituma nikae hapa nikutazame unavyokaa na Njugu. Sitasema kitu."

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Haya, mama," akasema. Alimwita mama, kama baba wengi wawaitavyo binti zao, na mara nyingi hilo ndilo lililokuwa neno refu kuliko yote ya siku.

Shangazi alikaa kwenye benchi la wateja, daftari gotini. Ziara ya kwanza aliandika kwa haraka na kwa shauku fulani ambayo baadaye aliionea aibu. Mlezi alisema maneno kumi na moja kwa dakika arobaini. Aliyaorodhesha. Njoo. Shika. Hapana. Polepole. Mengine yalikuwa "mm". Babu hakusema kitu mtoto alipoingia. Babu hakusema kitu mtoto alipomwonesha kiatu. Babu hakusema kitu. Kichwani alikuwa tayari anaiona karatasi iliyopigwa chapa, yenye hesabu, ambayo angeiweka mezani mbele ya mzee ili imsemee.

Ziara ya tatu alivunja sheria. Njugu alikuwa ameketi chini na nyundo yake ndogo ya mti, akipiga kipande cha soli, akajipiga kidole gumba. Kimya cha pumzi moja, kisha kilio. Mzee hakuruka. Aliweka kiatu chini, akafuta mikono taratibu kwenye aproni. Shangazi hakungoja. Daftari likaanguka, karatasi zikatawanyika, naye akawa ameshambeba mtoto, anampuliza kidole, "pole mama, pole, pole, pole."

"Kaa, mama," mzee alisema. "Uko kazini."

Shangazi akamgeukia. Njugu, machozi yakimtiririka, alikuwa anajinyoosha kutoka mikononi mwake, kidole gumba mbele, akimwelekezea babu yake kama mtu anayepeleka kiatu kilichobanduka. Mzee akakipokea kile kidole. Akakitazama juu, akakitazama chini, kama anavyotazama kisigino. Kisha akaweka kidole gumba chake mwenyewe juu ya chuma, akakigonga kidogo kwa kile kinyundo cha mti, akakunja uso wote kwa maumivu ya kuigiza. Njugu alikatiza kilio. Akamgonga tena babu. Mzee akakunja uso tena. Mara ya tatu mtoto akaangua kicheko, kamasi zikitoka.

Shangazi aliokota karatasi zake, akarudi kwenye benchi akiwa ameona haya. Kwenye safu ya kushoto akaandika, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli: "Mtazamaji aliinuka. Hakuhitajika."

Mhadhiri alilisoma daftari ofisini kwake huku miwani ikishuka puani.

"Hili la mwisho ni zuri," akasema. "Haya mengine, hapana. Umeandika 'babu hakusema kitu' mara kumi na nne. Nimezihesabu. Mimi sikukutuma ukatazame kisichokuwepo. Hakusema. Sawa. Alifanya nini?"

Shangazi alipekua kurasa zake akitafuta.

"Wiki ijayo," mhadhiri akamrudishia daftari, "sitaki kuona neno 'hakusema'. Safu ya kushoto ni ya kilichokuwepo."

Alirudi nyumbani akinung'unika njiani peke yake. Lakini ziara ya nne, akiwa amekatazwa kuandika kilichokosekana, alijikuta kalamu i hewani na hana la kuandika. Basi akasikiliza.

Mzee alikuwa anapigilia kisigino. Ko, ko. Akasita, nyundo juu. Kisha ko.

Chini ya meza, nyuma ya pazia la vipande vya ngozi, kitu kikajibu. Ko, ko. Ko.

Nyundo ya mzee ikashuka tena: ko. Akangoja. Shangazi alitazama saa yake. Sekunde moja, mbili, tatu. Alipofika saba, kutoka chini ikaja: ko. Saba! Kule kituoni, na uzoefu wake wote, hakuwahi kumngoja mtoto hata sekunde mbili kabla ya kumjibia mwenyewe. Mzee alibadilisha: taratibu, haraka haraka, taratibu. Chini ya meza mtoto alikosea, akacheka, akarudia, akapatia. Kisha yeye ndiye akaanza, wimbo wake mwenyewe wa kishindo, na fundi mzima wa miaka sabini na tatu, mteja akimngojea mlangoni, akamfuatisha.

Shangazi aliweka alama moja kwa kila kurushiana. Dakika arobaini zilipokwisha alikuwa na alama mia na sita. Ukurasa ulijaa vijiti kama ukuta wa mtu anayehesabu siku.

Na akiwa anavitazama vile vijiti, ile sauti ya mlangoni ikamrudia, lakini mara hii haikuja peke yake.

Ko, ko. Ko. Na baada yake kimya, na kivuli cha miguu miwili chini ya mlango, hakiondoki. Kilikuwa kinangoja nini? Kilingoja mkono wake. Mkono wake mdogo, ukitoka ndani ya shuka, unapiga ubao wa kitanda: ko, ko. Ko. Ndipo kandambili zilipoondoka ukumbini, pole pole, kwenda kuchemsha maji. Kila asubuhi. Alikuwa anajibu kila asubuhi. Miaka yote hii alikuwa ameitunza hodi, akaitupa nusu yake.

Akakumbuka na siku ilipokoma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, rafiki yake amelala kwao, na hodi ilipobishwa yule rafiki aliangua kicheko. Shangazi alitoka na kumwambia baba yake, mkavu, "Mimi si mtoto. Usinigongee tena." Kesho yake nyumba ilikuwa kimya na yeye akachelewa shule. Mzee hakugonga tena mlango ule. Hakusema kitu. Lakini siku ile alifanya nini? Shangazi hakujua. Hakuwa ametazama.

Hayo hakuyaandika. Hayakuwa ya safu ya kushoto.

Ziara ya sita ilikuwa Alhamisi, mawingu yametanda. Alikaa kwenye benchi, akafungua daftari, akaandika saa. Njugu alikuwa amesimama juu ya kibao, mguu mmoja mtupu umekanyaga karatasi, na babu yake anauzungushia penseli. Mtoto alitekenyeka, akachezesha vidole. Mzee akagonga meza mara moja. Vidole vikatulia. Kisha mzee akanyoosha mkono ukutani, akashusha ile jozi ya kalibu ndogo kuliko zote.

Kalibu ile ilikuwa na vumbi la miaka. Chini yake kulikuwa na herufi iliyochongwa kwa kisu, na Shangazi aliitambua hata kutoka kwenye benchi, kwa kuwa ndiyo iliyoanza jina lake.

Mzee akaivika ngozi nyeusi.

Watoto wa mtaa ule hawavai viatu vyeusi vya kufunga. Njugu hakuwa na mahali pa kwenda na viatu vyeusi vya kufunga. Isipokuwa mahali pamoja tu, shuleni: ukurasa wa pili wa fomu, chini ya neno "mavazi", uliandikwa hivyo hivyo. Shangazi alilipekua daftari. Fomu ilikuwepo, lakini imekunjwa mara mbili kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Yeye alikuwa ameikunja mara moja, ovyo. Siku ile ya kidole gumba, karatasi zilipotawanyika. Zile alizoziokota hazikuwa zote. Nyingine alizikuta zimewekwa juu ya meza yake ya kulia chakula, akazirudisha daftarini bila kuzitazama.

Wiki tatu mzee alikuwa anajua.

Dakika arobaini hazikuwa zimekwisha. Shangazi aliweka kalamu chini.

"Baba."

"Uko kazini, mama."

"Nimeacha. Kwa nini hukuniambia kwamba umeiona?"

Mzee alipaka gundi ukingoni mwa ngozi, akaipuliza. "Fomu inasema vyeusi," alisema. "Vya dukani vinambana kisigino. Ana kisigino chako." Kisha, kama mtu anayebeba kitu kizito kukivusha kizingiti, akaongeza, "Shule ni nzuri. Huko kuna watu wa kuongea naye. Mimi maneno yalinipotea alipokufa mama yako. Nilibaki na haya," akainua nyundo. "Nilijua hayakutoshi."

Njugu, kibaoni, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

Shangazi hakuwahi kusikia baba yake akitoa sentensi nane kwa mpigo. Alihamia kwenye kigoda cha karibu, akaweka daftari mezani, ukurasa wa ile ziara ya nne. "Hesabu hivi vijiti, baba."

"Vya nini?"

"Vyako na vyake. Siku moja. Mia na sita. Chuoni wanasema hivi ndivyo mtoto anavyojengwa, unarusha, anarudisha. Darasa zima la kituoni kwetu halina nusu yake." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Maneno anayahitaji, hilo ni kweli. Lakini ya kuongezea juu ya haya, si badala yake."

Mzee alivitazama vile vijiti, mdomo ukisogea kidogo kama anayevihesabu kweli.

Fomu ilirudi shuleni imefutwa na kuandikwa upya: asubuhi tatu kwa wiki, saa sita mchana mtoto anachukuliwa na babu yake. Na karakana ikapata kazi mpya, kazi iliyomtoa fundi jasho kuliko buti za askari. Kila alichogonga, alitakiwa akitaje. Alianza kama mtu anayesoma orodha ya ghala. "Ko, ko. Uzi." Akangoja. "Ko, ko. Gundi." Akangoja. Wiki ya pili alikuwa amepata ujasiri. Mwanamume mmoja mwenye haraka aliingia kuulizia viatu vyake kwa mara ya nne siku ile, na mzee, bila kuinua macho, akagonga meza na kutaja: "Ko, ko. Mteja msumbufu."

Kutoka chini ya pazia la ngozi, safi, likasikika neno la sita la Njugu: "Tumbufu!"

Yule mteja alicheka mwenyewe hadi akakaa kwenye benchi, na akangoja viatu vyake bila kuuliza tena.

Chaji alipoisoma ripoti, aliketi bila hata kutafuta soketi. "Shangazi, safu ya kulia mbona ina mstari mmoja tu?"

Ilikuwa kweli. Safu ya kushoto ilijaa kurasa kumi na saba. Kulia, baada ya ziara ya sita, aliandika: "Nilifikiri nililelewa na mtu asiyesema." Mhadhiri alichora duara kuzunguka neno "nilifikiri", akaandika alama ya kufaulu pembeni, si ya juu kabisa, kwa sababu mtazamaji aliinuka mara mbili.

Siku Njugu alipoanza shule, Shangazi aliamka mapema kuliko wote. Mtoto alikuwa amelala ubavuni mwake, kinywa wazi. Viatu vidogo vyeusi vilikuwa sakafuni, vimetazama mlango. Ukumbini zikasikika kandambili zikija, zikasimama. Chini ya mlango kikaonekana kivuli cha miguu miwili.

Ko, ko. Kimya kidogo. Ko.

Njugu hakutikisika. Kivuli hakikuondoka. Sekunde tatu, nne, tano. Shangazi alitoa mkono ndani ya shuka, akaunyoosha hadi kwenye ubao wa kitanda, akagonga mbili, akasita, akagonga moja. Nje, pumzi ya mtu ilizuiliwa.

"Nimeamka, baba," alisema, kwa sauti ya chini sana, ili mtoto asishtuke.